Kabati la gemu katika hewa ya chumvi: vya hadiwea vinavyofaa na visivyofaa

Kuunda kabati la gemu, yaani sanduku la kusimama lenye skrini na vibonye kama mashine za gemu za zamani, si kazi ya kumshinda kijana mwenye msumeno. Bodi mbili za MDF (mbao za kiwandani za nyuzi zilizoshindiliwa) za futi nane kwa nne zinatosha kabati zima la kimo cha mtu. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na vibonye vyake huagizwa Nairobi, na skrini ya zamani haikosekani mtaani. Hapa Lamu kazi hukwama baadaye, kabati likisha kusimama uchi sebuleni na mwenyewe akashuka dukani kutafuta cha kulimalizia.

"Ami, nipatie rangi ya mbao."

"Ya mafuta au ya maji, mwanangu?"

Hapo mteja huinua macho rafuni. Kuna praima, andakoti, glosi, vanishi, pati ya ukuta, fila ya magari, gundi nyeupe, gundi ya mpira, na kila kopo lina picha ya mlango au meza. Wengi huondoka na glosi nyeusi peke yake. Kabati waliloliona kwenye picha ni jeusi linalong'aa, na katika rafu ile glosi ndiyo inayofanana na picha.

Mkanganyiko wote uko hapo. Glosi ni ya mwishomwisho. Kabla yake kuna kuziba, kisha kusawazisha, na sehemu zinazoshikwa na mikono zina dawa yake mbali. Kopo la kazi moja haliwezi kufanya kazi ya jingine hata ulipake mara tano. Kwa sisi wa pwani, kuziba ndiko kunakoamua kama kabati litaishi, na ndiko kunakorukwa kwa sababu hakuonekani. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wenye gereji kavu huko Marekani. Hawana sababu ya kukuambia.

Maji yanaingilia wapi

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi ya kiwandani na kushindiliwa kwa joto. Nyuso za bodi zimeshindiliwa zaidi kuliko tumbo lake. Ukikata, unalifungua tumbo. Chukua kipande kilichobaki, dondosha tone la maji usoni na jingine ukingoni. La usoni litakaa limetuna, ukilifuta linaondoka. La ukingoni linazama huku unalitazama, na baadaye ukipitisha ukucha utahisi mpaka: palipolowa pameinuka. Pakikauka hapateremki tena. Ukingo huo hunywa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Hilo ni tone la kudondosha kwa mkono. Lamu maji yako hewani. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zenye vinyweleo zinazovuta unyevu na chumvi. Chumvi nayo huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo kitu kilichoshikwa na vumbi lake hakikauki sawasawa. Kabati lenye kingo wazi litavimba pembezoni, rangi ipasuke kwa mistari, skrubu zilegee, na lawama zote apewe mtengeneza rangi.

Mafundi wa vyombo vya bahari wa kijiji cha Matondoni hawahitaji kuambiwa haya. Maungio ya jahazi hutiwa kalafati ya pamba na mafuta, mbao zikanyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayokaa majini ikapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Kila kitu na mahali pake, na nakshi huja mwisho. (Sifa yenyewe usiijaribu kwenye MDF. Rangi haitashika juu ya mafuta yale, na sebule itanuka papa.)

Kama bodi bado hujanunua, ushauri wangu ni kuchanganya: MDF ya milimita 18 kwa ubavu na paneli, kwa kuwa uso wake ni laini na haina mishipa ya mbao ya kuficha, na plaiwudi ya gundi isiyoyeyuka kwa maji kwa sakafu ya kabati. Sakafu ndiyo inayokutana na maji ya kudekia. Kuna wanaookoteza plaiwudi nyeusi iliyotumika kumwagia zege kwa kuwa ni rahisi sana. Ni imara, lakini uso wake umefunikwa ngozi ya plastiki na rangi hubanduka mpaka uikwaruze kwa msasa mkali. Ifiche ndani.

Na usisahau safari. Bodi nzima ya MDF ya milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi, na kutoka gati ya Mokowe, upande wa bara, inavuka kwa mashua kabla ya kuwekwa kwenye mkokoteni au kupandishwa kichochoroni begani. Ni heri ukatiwe vipande Malindi au Mombasa kwenye karakana yenye mashine, vije vimefungwa nailoni. Rasharasha za mashua zinatosha kuharibu ukingo kabla hujaugusa.

Kuziba

Praima iwe ya mafuta. Ya maji ni rahisi na haina harufu, ila koti lake la kwanza huamsha nyuzi za MDF, uso ukawa na manyoya kama hujapiga msasa. Ya mafuta haiziamshi, na inaingia ndani kidogo kabla ya kukauka. Koti la kwanza lizimue kwa tapentaini, jepesi, la kunywesha tu.

Kingo zinataka zaidi ya praima. Njia ya bei ya chini kabisa ni gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, nusu kwa nusu: paka, acha ikauke, piga msasa wa namba 180, rudia. Inajaza vinyweleo vizuri. Lakini gundi hiyo yenyewe hulainika ikilowa, kwa hiyo bila praima ya mafuta juu yake umefanya nusu ya kazi.

Njia ninayoipendelea ni fila ya magari, ile ya sehemu mbili, pati na hadena (kikazishi chake). Lamu haina magari ya kutaja, lakini wanaotengeneza mashua za faiba wanaijua na wanajua inakouzwa. Changanya kidogo juu ya kipande cha bati, hadena kiasi cha harage kwa pati kiasi cha limau, koroga mpaka rangi iwe moja, na uvute ukingoni kwa kipande cha plastiki ngumu kama kadi ya simu. Una dakika chache tu kabla haijakaza, basi usichanganye ya kingo zote mara moja, na ukizidisha hadena itakukazia mkononi. Ikikauka karibu haisinyai, hainywi maji kama ukingo mtupu, na msasa wa namba 120 kisha 180 unaifanya kioo. Kopo dogo linamaliza kabati na chenji inabaki kwa matundu ya skrubu.

Pati ya ukuta, ya unga mweupe, ndiyo inayowadanganya wengi. Ni rahisi, inasawazika vizuri, na siku ya kwanza huwezi kuitofautisha na fila. Lakini nyingi hunywa maji. Iachie ukuta.

Vumbi la MDF ni jembamba mno na limebeba gundi ya kiwandani. Pigia msasa nje, upepo ukiwa mgongoni, na uvae barakoa ya vumbi. Leso haitoshi.

Jambo moja ambalo seremala wa samani anajua na mtu wa gemu hajui: ndani nako kupakwe. Bodi iliyozibwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili, upande huo unatanuka, bodi inajipinda. Ndani hapahitaji urembo. Praima moja au mbili, au mabaki ya rangi za mafuta uliyonayo yaliyochanganywa pamoja, yanatosha. Kwa hesabu ya dukani: bodi mbili pande zote ni karibu mita 12 za mraba. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita 10 hadi 12 kwa koti moja, na praima hupungua kwa kuwa inanywewa. Kwa hiyo praima ni lita mbili kwa makoti yote, na glosi ya nje lita moja kwa makoti mawili. Kopo la lita nne la glosi ni la kumfurahisha muuzaji.

Rangi na majira

Rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza tapentaini tu. Ikishavukiza, mafuta yenyewe huungana na hewa na kuwa magumu, taratibu. Ndiyo maana unaigusa kesho haishiki kidole, lakini ukiegemeza kitu kwa wiki moja kinaacha alama. Kabati likishapakwa, lipe wiki mbili tatu kabla ya kulifungia vyuma na kulirundikia watoto.

Tumia rola ndogo ya sponji kwa sehemu bapa, brashi kwa pembe tu. Makoti membamba. Kati ya koti na koti pitisha msasa wa namba 320, mkono mwepesi, mpaka mng'ao ufe, halafu futa vumbi. Anayetaka mng'ao wa gari huambiwa apake rangi ya gari ya makopo mawili. Ni kweli inang'aa na ni ngumu, lakini hadena yake ina kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haiizuii. Siyo rangi ya ukumbini.

Majira yana neno kubwa. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, hewa ni kavu zaidi na rangi hukubali. Mvua za masika hufikia kilele Mei, kusi ikiwa imeshaingia, na wakati huo hata praima hukaa na ubaridi wake siku nzima. Rangi za kupuliza na zile zinazozimuliwa kwa tina ndizo zinazoumia zaidi: tina huvukiza kwa kasi, uso unapoa, unyevu wa hewani unatua juu yake, na nyeusi inageuka ukungu mweupe. Sio rangi mbovu. Subiri siku kavu, pulizia koti jembamba, na mara nyingi ukungu huondoka.

Anza asubuhi umande ukishakauka, acha alasiri mapema. Glosi iliyopakwa magharibi inashikwa na umande kabla haijajifunga, na kesho inaamka imefifia. Kama kabati limekaa siku kadhaa kati ya makoti, lifute kwa kitambaa chenye maji matamu na ulikaushe, maana chumvi ikifungiwa chini ya rangi itaita maji na kuinua malengelenge. Visima vingi vya mjini vina chumvi, kwa hiyo yawe maji ya mvua au ya bomba yatokayo Shela.

Kingo za kuonekana

Makabati ya zama za Space Invaders ya 1978 na Pac-Man ya 1980, na yaliyofuata, yalijulikana kwa utepe wa plastiki unaozunguka ubavu, wenye ulimi unaogongwa ndani ya mfereji. Hadiwea za kwetu hawana, na kuuagiza pamoja na mashine ya kuchimbia mfereji ni gharama ya bure.

Paliponyooka, aluminiamu ya pembe inayotumiwa kwenye madirisha inakaa vizuri na kulinda kona zisipigwe na mabega ya watu. Ibandike kwa gundi badala ya kuipigilia, hasa si kwa skrubu za shaba: shaba na aluminiamu zikigusana katika hewa ya chumvi, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe. Palipopinda, aluminiamu haiendi. Hapo chukua utepe wa PVC wa samani, upashe moto kwa mashine ya kukausha nywele ili ulegee, ubandike kwa gundi ya mpira. Na mbinu ninayoipenda kwa sababu ni ya senti chache: kifuniko cha trankingi ya nyaya ya milimita 16. Kata vikwato vyake viwili vya chini kwa kisu, kitalala katikati ya ukingo wa milimita 18 na kuacha mstari mwembamba wa rangi kila upande, kama umekusudia. Huja cheupe, kikwaruze kwa msasa kabla ya kukipaka.

Silikoni, ukiitumia kuziba popote, iwe baada ya rangi zote. Rangi haishiki juu yake kabisa. Na ile inayonuka siki usiifungie karibu na nyaya na bodi za kielektroniki, kwa kuwa mvuke wake hula shaba.

Panapolala mikono

Paneli ya vibonye ndiyo inayochakaa. Jasho, kucha, na juisi ya ukwaju itakayomwagika siku ya Idi. Glosi peke yake hapo itachubuka mviringo kuzunguka kila kibonye. Weka fomaika, ile shiti ngumu inayofunika meza za jikoni. Maseremala wa makabati ya jikoni wana vipande vilivyobaki, na paneli ya gemu haihitaji zaidi ya kipande.

Gundi yake ni ya mpira, ile ya washona viatu. Inapakwa pande zote mbili, bodi na fomaika, na inaachwa mpaka ukiigusa haivuti uzi, robo saa hivi. Zikigusana zimeshikana, hakuna kusogeza. Ndipo hapa ufagio wa chelewa unapopata kazi ya heshima: panga chelewa safi juu ya bodi, umbali wa vidole vinne vinne, weka fomaika juu yake, iweke sawa pembe kwa pembe ukiwa na utulivu wote, kisha chomoa chelewa ya katikati na ubonyeze kwa kiganja. Chomoa ya pili, bonyeza ukielekea nje, hewa itoke. Ya mwisho ikichomoka fomaika imelala na haina puto. Acha izidi kingo kidogo, halafu isugue kwa tupa, ukisukuma kuelekea bodi. Ukivuta kwenda juu itabanduka meno.

Matundu ya vibonye, milimita 28 au 30 kulingana na aina uliyonunua, yatobolewe fomaika ikiwa juu na kipande cha mbao kibovu kikiwa chini. Na ndani ya kila tundu pitisha praima kwa kibrashi. Huo ni ukingo wa MDF kama mwingine, na ndio utakaopata juisi.

Yaliyobaki hayana ugumu. Mbele ya skrini, kioo cha kawaida cha milimita 4 ni rahisi na hakikwaruziki. Kina uzito wa kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha sentimita 60 kwa 50 ni kilo tatu, na kinashikwa vizuri na vipande vya mbao pembeni. Kwa nyumba yenye watoto wadogo weka akriliki na ukubali mikwaruzo. Pambizo la kuficha ukingo wa skrini ni karatasi ya manila nyeusi nyuma ya kioo. Jina la juu linalowaka ni taa ya ukanda ya volti 12 nyuma ya akriliki ya maziwa, au ya angavu iliyowekewa karatasi ya kunakilia ramani.

Ubavuni, wengi hukimbilia stika kubwa ya kuchapisha. Inafanya kazi, mradi ibandikwe juu ya glosi iliyokaza. Lakini makabati mengi ya zamani michoro yake ilipulizwa kwa violezo, rangi moja baada ya nyingine, na kiolezo ni plastiki ya jalada la daftari na kisu kikali. Mtu aliyezungukwa na milango ya kuchonga hakosi nakshi ya kuanzia, na binafsi ningependa kuona ua la mlango wa Kiamu ubavuni mwa kabati kuliko zimwi lile lile la kila mahali.

Joto la ndani linataka njia: hewa iingilie chini nyuma, itokee juu nyuma. Matundu yote yawambwe wavu wa mbu wa aluminiamu, kwa kuwa kisanduku chenye joto na giza ni mwaliko kwa mende na mijusi kafiri, na mjusi kwenye bodi za kielektroniki humaliza gemu na roho yake pia. Wavu huo huo unafaa mbele ya spika. Kwa mwonekano mzuri zaidi, kifuniko cha chuma kisichoshika kutu cha shimo la maji la bafuni ni duara, kina matundu, na hakuna atakayekijua kikiwa juu ya spika. Mgongo wa kabati ufungwe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Misumari huko nyuma ni kujitafutia kazi siku nyaya zitakapolegea.

Chini weka miguu kabla ya kulisimamisha: vipande vya soli ya tairi kutoka kwa fundi viatu, unene wa sentimita mbili, vimekazwa kwa skrubu kutoka ndani. Sakafu ikidekiwa maji yapite chini bila kugusa bodi, na mchwa akija utamwona. Kati ya mgongo wa kabati na ukuta wa matumbawe acha nafasi ya kupitisha ngumi, na hiyo nafasi isigeuzwe mahali pa kusimamishia mikeka.